Mbalamwezi Juu ya Meru

"Mzizi," alisema Kokulinda bila kugeuka.

Nyuma yake Mwalimu Deodatus akanyanyua mguu juu, juu kupita kiasi, kama jogoo anayevuka tope, akautua upande wa pili.

"Nimepita."

"Jiwe. Pita kulia kwake. Hapo hapo. Sasa kuna mteremko mdogo."

Kati yao kulikuwa na kamba ya nyavu za dagaa, iliyolainika kwa miaka ya maji na jua la ufukweni Igombe. Ncha moja Kokulinda alijifunga kiunoni, juu ya kanga aliyoizungushia suruali ya michezo ya binti yao. Ncha nyingine Mwalimu aliizungusha kiganjani mara mbili. Wazungu wawili waliowakuta getini asubuhi walikuwa wameitazama ile kamba, wakatazamana, kisha wakajifanya wanapiga picha twiga. Kokulinda hakujali. Mwanamke aliyekesha na wavuvi mwaloni wanakoshusha samaki miaka ishirini na sita haoni haya kwa kitu kidogo kama kamba.

Mbele yao alitangulia askari wa hifadhi, bunduki begani kwa sababu ya nyati. Jina lake Shimba, kijana wa Misungwi aliyeletwa huku Arusha na ajira. Aliposikia wageni wake wanatoka Mwanza aliacha Kiswahili chake cha kazini akawaamkia, "Mwangaluka!" Mwalimu, Mhaya wa Kamachumu asiye na hata tone la damu ya Kisukuma, akaitika kwa mvuto kama aliyezaliwa Misungwi pia. Tangu hapo wakawa ndugu. Shimba akalibeba begi la mzee juu ya lake, akapunguza mwendo.

"Mwalimu, umeshawahi kufika huku?"

"Mara kumi na tisa. Kila mwaka na kidato cha tatu, mpaka macho yaliponikatalia. Ule mtini ambao mizizi yake imefanya mlango, bado upo?"

"Upo. Tutapita chini yake."

"Msiniambie tukifika. Nitaujua kwa ubaridi."

Na kweli aliujua. Alisimama katikati ya ule mlango wa mizizi, akaupapasa mti kwa viganja vyote viwili, akacheka peke yake. Kokulinda alimtazama akicheka, na moyo wake ukajaa. Alijisifu kimoyomoyo kwamba kwa mara moja katika maisha yake alikuwa amefanya jambo sawasawa.

Ugonjwa wa Mwalimu ni ule wanaouita presha ya macho. Haukumjia kwa kishindo. Ulianzia pembeni. Kwanza alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango, akasema nyumba za mtaa wao wa Mabatini zimejengwa finyu. Kisha darasani akaanza kuwasahau wanafunzi waliokaa safu za kando. Wananyoosha mikono mpaka inakufa ganzi, naye anasema leo hakuna anayejua jibu. Alipokwenda hospitali alikuwa amebakiwa na kitundu katikati, kama mtu anayechungulia dunia kwa bomba la maji. Mwezi wa tatu mwaka huu daktari alimwambia kwamba hicho kitundu nacho kitaziba. Hakutaja siku. Alisema tu, mzee, kama kuna kitu unapenda kukitazama, kitazame mwaka huu.

Mwalimu hakufikiri sana. "Nyota," alimwambia mkewe jioni ile. "Za kule mlimani. Ningependa nizione mara moja tena. Nizione na wewe."

Hapo ndipo inabidi tueleze Kokulinda ni mtu gani. Kokulinda ni mwanamke wa giza, na hilo si tusi. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi hushusha taa zao majini, dagaa hudanganyika, hukusanyika, hunaswa. Mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, dagaa hawaifuati taa ya mtu, mitumbwi inapumzika. Siku hizo huitwa mbalamwezi, na ndizo Jumapili za watu wa mwaloni. Kokulinda alipanga chumba Igombe, na kila giza lilipoanza alihamia huko na mabeseni yake. Usiku alisimama ufukweni akihesabu taa, ajue mitumbwi mingapi imetoka na aandae nafasi kiasi gani ya kuanika. Alfajiri alinunua, mchana alianika na kugeuza, jioni alikusanya. Mbalamwezi ikifika alirudi Mabatini kuwa mke. Harusi, kipaimara, kliniki, kwenda Bukoba kuwaona wazee, vyote alivipangia mbalamwezi. Ndoa yao ilikuwa hivyo, na haikuwa ndoa mbaya.

Ila kila mwaka, Mwalimu alipokuwa akiwapeleka wanafunzi mlimani, alimwomba. "Twende wote, Koku." Na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: "Baba Gladness, giza hili? Nani ataanika?" Alimfungia begi, akamwekea sweta, akaondoka siku hiyo hiyo kwenda Igombe. Baada ya miaka mingi Mwalimu akaacha kuomba.

Kwa hiyo safari hii Kokulinda alipiga moyo konde. Alikaa na kalenda ya parokia, akazungushia kalamu siku nne za Julai, akampigia simu binti yao Gladness huko Dodoma awatafutie nafasi. Mambo yote yalipokuwa tayari alimfuata mumewe barazani, kalenda mkononi, akicheka mwenyewe kama msichana.

"Tarehe tisa tunaondoka. Tarehe kumi tunalala mlimani. Mimi na wewe."

Mwalimu aliipapasa ile kalenda.

"Una hakika na hizo tarehe, Koku?"

"Hakika kabisa. Gladness ameshatuwekea nafasi."

Akaiacha kalenda. Kisha akaunyoosha mkono mpaka akaupata wa mkewe, akasema, "Basi tutakwenda."

Walifika kwenye nyumba za kulala wageni saa kumi jioni. Mawingu yalikuwa chini yao, na juu yao ukingo wa kreta ulisimama mweusi, upande mmoja umebomoka tangu zamani volkeno ilipopasuka. Mwalimu aliueleza wote kidole kikiwa hewani, kimo chake na kile kichuguu cha majivu kilichomo ndani, na Shimba akasikiliza kwa adabu mambo ambayo huyaeleza mwenyewe kila wiki.

Jikoni Kokulinda akafungua mfuko wake. Alikuwa amebeba dagaa, hakuweza kujizuia. Akawakaanga na vitunguu na nyanya, akasonga ugali, na harufu ilipotoka Shimba akaingia bila kuitwa.

"Mama, leo umenirudisha nyumbani."

"Kula upesi, baba, twende tukaoneshwe nyota."

"Nyota gani, mama?"

"Hizo zenu za huku. Mwalimu ndizo zilizomleta."

Shimba akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona mama hacheki, akaweka tonge chini.

"Leo, mama? Leo mwezi mpevu. Wageni wa nyota huja kipindi cha giza. Giza likiwa limeiva huku, nyota zinakuwa nyingi mpaka unaogopa. Lakini mwezi kama wa leo unazimeza zote. Mtaona mbili tatu tu. Hamkuambiwa?"

Kokulinda alibaki na mwiko mkononi.

Giza. Neno hilo alilijua kuliko padri anavyoijua misa. Aliishi kwalo, akamsomesha mtoto kwalo. Alijua usiku gani mwezi utachelewa saa moja na usiku gani saa tatu. Mara kumi na tisa Mwalimu aliondoka kuja huku mlimani na mara kumi na tisa yeye akaenda Igombe siku ile ile, na hakujiuliza hata mara moja kwa nini siku zao hugongana. Alikuwa na kila kitu mkononi, hakukiunganisha. Alichagua siku za mapumziko, kama alivyozichagua siku zote, maana kwake usiku mzuri ni ule ambao hakuna kazi.

Alitoka nje.

Mwezi ulikuwa umechomoza ubavuni mwa Kilimanjaro, mkubwa, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, uso umeinuliwa. Alisikia hatua zake akapapasa nafasi kando yake.

"Kaa hapa, Koku. Haya, tazama juu ya ukingo wa kreta, kisha panda taratibu. Unaona moja nyekundu? Huo ni moyo wa Nge."

Kokulinda aliitazama. Ilikuwepo, moja, imefifia.

"Sasa fuata mkia wake. Unajikunja hivi. Halafu mkia unaingia kwenye Njia ya Maziwa, ile kama unga uliomwagika. Unaiona ilivyotanda?"

Hapakuwa na mkia. Hapakuwa na unga. Anga lilikuwa jeupe, tupu.

"Mwalimu, acha."

"Nini?"

"Leo mbalamwezi."

Kidole chake kilibaki hewani kidogo, kisha akakishusha gotini.

"Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Siku ile ya kalenda."

"Na ukanyamaza!" Sauti ilimtoka kubwa, ndege akaruka mtini. "Mtu mzima, mwalimu wa jiografia, unaniona nacheka kama mjinga na kalenda yangu, unanyamaza!"

"Ningekwambia, ungesema tuahirishe."

"Ndiyo, tungeahirisha! Tungekuja giza!"

"Giza likifika ungekwenda Igombe, Koku."

Alilisema bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza Kokulinda kuliko yote. Mumewe angefoka, naye angefoka. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaizoea ile hali, kama alivyozoea kupapasa kuta. Kokulinda akajiinamia, akafunika uso kwa kanga, akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama wanavyolia watu wasio na mazoea ya kulia.

"Ulibakiwa na kitundu kimoja," alisema. "Kimoja, Mwalimu. Nami nimekijaza mwezi."

Mwalimu alikunja ncha ya koti lake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nisikilize. Hujaharibu kitu. Kile kitundu kimeshaziba."

Kokulinda akafunua uso.

"Kimeziba lini?"

"Baada ya Pasaka. Sikutaka kukwambia kabla ya safari. Hata leo lingekuwa giza totoro, nisingeona kitu. Huo mwezi wenyewe nakaa tu, naambiwa upo."

"Na nyota ulizokuwa unanionesha?"

"Nimezifundisha miaka mingi. Hazihami."

Kokulinda alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kule kwenye ukingo, hayakuonesha lolote. Akaona nafuu. Ilimjia ghafla, nafuu ya mtu aliyesukumwa shimoni akakuta shimo halina kina, na papo hapo akajichukia, maana alikuwa amefurahia mumewe kupofuka. Akaegemeza kichwa begani mwa lile koti. Wakakaa hivyo mpaka baridi ilipowashinda, na hakuna aliyetazama juu tena.

Asubuhi wakaanza kushuka. Shimba, ambaye hakuwa mjinga, alitangulia mbali kidogo. Kokulinda alitembea na macho yaliyovimba, kamba kiunoni, akiwaza miezi mitatu ile mumewe alivyokula mezani, alivyovaa, alivyomwambia Jumapili kwamba kitenge chake kipya kimempendeza, yote hayo gizani. Aliwaza sana. Walikuwa wameshuka mbali ndipo alipogundua kwamba hajatamka neno tangu waondoke. Mizizi ilikuwa imejaa njia nzima.

Akageuka, ameshtuka, kumshika.

Mwalimu alikuwa anakuja taratibu, kichwa ameinamisha. Akakanyaga baina ya mizizi miwili. Akasita mbele ya jiwe, akalipita kulia. Tawi la miiba lilikuwa limening'inia njiani, usawa wa uso. Akainua kichwa, akalitazama kwa kukielekeza kile kitundu chake kama mtu anayelenga, kisha akanyoosha mkono akalisogeza kabla halijamgusa.

Kokulinda akageuka mbele haraka, kamba isije ikamwambia kwamba amesimama. Basi alikuwa anaona. Kitundu kilikuwepo. Jana usiku kilikuwepo pia, pale ngazini, na mwezi ule wote ukimwagikia ndani yake, akakikana ili mkewe apate usingizi.

Alitaka kupiga magoti pale pale njiani. Alitaka kumwambia, Mwalimu, nimekuona. Lakini alichokuwa amepewa kilikuwa kikubwa mno kukirudisha, na kumrudishia kungekuwa kumnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa. Akafuta macho kwa kiganja, akajikaza.

"Mzizi," alisema.

Nyuma yake Mwalimu akainua uso, akauelekeza ovyo kwenye miti ya mbele, kama asiyeona, akanyanyua mguu juu, juu kupita kiasi.

"Nimepita."

Asubuhi moja ya Agosti, huko Mabatini, Mwalimu aliamka akaketi kitandani, akauliza kama umeme umekatika. Nje jua lilikuwa limeshapanda na majirani walikuwa wakigombea bomba. Kokulinda alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Umekatika," alisema.

Mtu aliyepofuka tangu Pasaka haulizi hivyo. Wote wawili walilisikia lile swali likitua pale chumbani, na hakuna aliyeligusa. Baada ya muda mrefu Mwalimu aliupitisha mkono wake mwenyewe mbele ya uso, akaushusha, akaomba chai. Kokulinda alimwekea kikombe kiganjani, akamfunga vidole juu yake, akaenda uani kulia kwa sauti ya chini.

Giza la Septemba lilipoanza, alifungasha mabeseni kama kawaida. Kisha akaifungua kamba msumarini, akajifunga kiunoni, akamfuata mumewe barazani akampa ncha. Mwalimu hakuuliza wanakwenda wapi. Aliizungusha kiganjani mara mbili.

Wanawake wa Igombe walimsogezea mtumbwi mbovu uliopinduliwa, akakaa juu yake, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa hapakuwa na baridi kama ya kule. Mchanga ulinuka dagaa wa jana. Wavuvi walikuwa wameshatoka, na mbali ziwani taa zao zilikuwa zimetulia juu ya maji. Kokulinda alisimama kando yake, mikono kiunoni, mahali pale pale alipokuwa akisimama kila giza tangu akiwa mke mpya.

"Taa ngapi leo?" aliuliza Mwalimu. Zamani alikuwa akimuuliza hivyo kwa simu.

"Ngoja."

Akaanzia kushoto, kwenye mawe, kama alivyozoea. Moja. Mbili. Tano. Alihesabu kwa sauti, kidole kikisogea, na Mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa. Kumi na mbili. Ishirini. Zilikuwa nyingi, mitumbwi ya Kayenze nayo ilikuwa imetoka. Thelathini na nane. Katikati ya ziwa, mbali kabisa, mahali ambapo mchana kuna mstari kati ya maji na anga, usiku huu hapakuwa na mstari. Taa moja ilikuwa juu kidogo ya wenzake. Akaihesabu. Iliyofuata ilikuwa juu zaidi. Akainua kidevu apate kuiona vizuri, akakuta nyingine juu ya hiyo, na nyingine, na kidole chake kikaendelea kupanda, mpaka shingo ikakunjika nyuma na kitambaa kikamdondoka kichwani.

Miaka ishirini na sita alisimama pale.

Akaacha kuhesabu. Maji yakalamba mchanga. Jirani yao mmoja alikohoa gizani, akagongesha beseni.

"Umefika ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Arobaini na tatu."

"Endelea."

Kokulinda akaivuta kamba taratibu mpaka ikakaza, mpaka akausikia mkono wake kule mwisho.

"Arobaini na nne," alisema. "Hii ni nyekundu."

Mwalimu akageuza uso juu, kusini-magharibi, pale pale ilipokuwa.

"Endelea," alisema.